Pensheni jamii ya Zanzibar: kwa nini mwenye nacho naye apewe?

Tangu Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imekuwa ikiwalipa pensheni jamii wakaazi waliotimiza miaka 70, wawe waliwahi kuajiriwa au la. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ikapandishwa baadaye hadi 50,000. Wanaoipinga husema fedha hizo zinamfikia hata mstaafu mwenye nyumba za kupangisha, na kwamba zingeelekezwa kwa mafukara pekee, kama TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Tanzania, inavyozilenga kaya masikini, kila mmoja wao angepata zaidi.

Hesabu yao ni sahihi kwenye karatasi. Lakini umasikini hupimwa kwa kaya, na mzee wetu kwa kawaida haishi peke yake. Bibi anayelala chumba cha uani kwa mwanawe mwenye duka, penye friji na bati jipya, hatahesabiwa masikini, ingawa yeye mwenyewe hana hata ya kununulia doti ya kanga mpaka aombe. Umri, kinyume chake, husomwa kwenye kitambulisho, na anayeandika orodha hapati nafasi kubwa ya kupendelea. Zaidi ya hayo, fedha ni za mzee mwenyewe: ndiye anayeamua kama mwezi huu ni dawa ya presha, ni sukari na mkate, au ni mchango wa harusi ya mjukuu, na mzee aliyechangia harusi hushirikishwa katika shauri, haletewi taarifa tu. Kujitegemea uzeeni, kwa wengi wa Unguja na Pemba, ndiko huko, si kuhamia Sebleni au Welezo, ijapokuwa kwa asiye na mtu nyumba hizo za wazee ni stara.

Wapinzani wana hoja moja nzito: 50,000 haitoshi kumlipa mtu wa kumgeuza mgonjwa kitandani na kumwogesha. Kazi hiyo hufanywa bure na binti au mkamwana, pengine baada ya kuacha biashara yake. Mwenye ulemavu wa miaka 40, naye, hayumo kabisa katika pensheni hii. Kenya, kupitia mpango wake wa Inua Jamii, huitengea kaya masikini yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 za huko kwa mwezi. Ila hapo tunarudi kwenye kupima kaya, na mara nyingi mpokeaji ni mlezi. Zanzibar ikiamua kuwalipa walezi, na ingefaa iamue, posho hiyo iongezwe juu ya pensheni, isimegwe humo.