Hati za kaboni: mali ya kampuni au gharama iliyokwisha?

Chukua kampuni ya Dar es Salaam iliyonunua hati 10,000 za kaboni za mradi wa msitu (hati moja ni tani moja ya hewa ukaa iliyopunguzwa au kuzuiwa), kila moja dola 8, ili itangaze kuwa imefidia tani 10,000 za hewa ukaa. Dola 80,000 zimetoka benki. Ziandikwe wapi? (Nasema "hati" kwa makusudi, mhasibu akisikia "krediti" anawaza upande wa kulia wa daftari.)

Viwango vya IFRS, yaani viwango vya kimataifa vya uhasibu vinavyofuatwa Kenya na Tanzania, havina kiwango mahsusi cha jambo hili. Desemba 2004 ilitolewa IFRIC 3, tafsiri rasmi ya viwango hivyo kuhusu jambo la karibu, vibali vya kutoa hewa chafu, ikaondolewa Juni 2005. Haikuwa imevisoma viwango vibaya. Matokeo yake ndiyo yaliyowashinda watu. Dhima, yaani deni la kampuni kwa hewa iliyokwisha kuitoa, ilipimwa kwa bei ya soko na ongezeko lake likaingia kwenye faida na hasara, ilhali vibali vya kuilipa dhima hiyo hiyo vilibaki kwa gharama, au kupanda kwake kulipelekwa moja kwa moja kwenye mtaji. Bei ikipanda, kampuni yenye vibali vya kutosha ilionekana imepata hasara. Tangu hapo kila kampuni hujichagulia sera.

Wanaosema ni mali wana hoja nzito. Hati ina namba yake kwenye rejista (orodha rasmi ya hati), inauzika, na mwenye nayo anaweza kumzuia mwingine asiitumie. Kwa hiyo ni mali isiyoshikika chini ya IAS 38, kimojawapo cha viwango hivyo vya IFRS. Kwa dalali anayenunua ili auze, ni stoku chini ya IAS 2. Kwa kawaida haipunguzwi thamani mwaka hadi mwaka kwa kuwa haichakai. Siku inapostaafishwa, yaani inapofutwa kwenye rejista isiuzwe tena, gharama yote inahamia kwenye faida na hasara.

Kasheshe huanza bei ikishuka, tuseme hadi dola 3. Dalali anashusha stoku yake kwa dola 50,000, basi. Lakini kampuni iliyonunua ili ijifidie inapimwa kwa IAS 36, kiwango cha kushuka kwa thamani ya mali, inayotaka kiasi kikubwa kati ya bei ya kuuza (ukitoa gharama za kuuza) na thamani ya matumizi. Thamani ya matumizi ni fedha zitakazoingia, na hati inayosubiri kustaafishwa haiingizi hata senti. Wengi huiunganisha na kundi zima la mali za biashara na kulipima kwa pamoja. Faida ya kundi inaimeza hasara, na mizania inaendelea kubeba dola 80,000 kwa kitu kinachouzwa 30,000. Hapo ndipo imani yangu na upande huu inapopungua.

Marekani, FASB, bodi ya viwango vya uhasibu vya huko, ilitoa pendekezo Desemba 2024: hati ni mali endapo kuna uwezekano mkubwa kwamba itatumika kulipa dhima ya kisheria ya mazingira, au itauzwa. Iliyonunuliwa kwa ajili ya ahadi ya hiari ni gharama papo hapo. Ni safi, na inamwondolea mkaguzi mabishano. Ila ukinunua leo hati za kufidia hewa ya 2028, mwaka huu unabeba mzigo wa miaka ijayo, na meneja mjanja anaweza kununua nyingi mwaka wa faida kubwa ili aipunguze.

Dhima nayo ina lake. Aprili 2024 kamati ya tafsiri ya IFRS ilieleza kwamba kutangaza ahadi ya kununua hati na kufidia hewa ya baadaye hakuzai tengo la fedha (deni linaloandikwa vitabuni kabla kiasi au tarehe yake kujulikana kwa uhakika) chini ya IAS 37. Ni mpaka hewa yenyewe itoke. Ukiiweka hati kama mali, basi, unakuwa na mali upande mmoja na upande wa pili hamna kitu. Kwa hati za hiari zisizo na mpango wa kuuzwa ulioandikwa, mimi ningezipeleka kwenye gharama.

Makosa ya kila siku ni madogo zaidi. La kwanza ni dola: kampuni inayoweka vitabu kwa shilingi hukokotoa upya thamani ya hati kwa kiwango cha ubadilishaji cha 31 Desemba. Siyo sahihi. Hati si mali ya fedha, yaani si fedha taslimu wala haki ya kulipwa kiasi maalumu cha fedha, hivyo chini ya IAS 21 inabaki kwa kiwango cha siku iliponunuliwa. Kinachokokotolewa upya ni deni la muuzaji lisilolipwa.

La pili ni tarehe. Agizo la kustaafisha linatumwa kwa dalali 29 Desemba, rejista inaonyesha 6 Januari. Hesabu zinasema hati zimetumika, ripoti ya tabianchi chini ya IFRS S2 nayo inazitaja kama zilizostaafishwa, lakini kwenye rejista siku ya kufunga mwaka bado zilikuwa hai. Mkaguzi aombe dondoo ya rejista yenye namba za hati na tarehe, asiridhike na barua ya dalali.