Drili 600 Ambazo Hazikuwahi Kuwepo

Mtu akikuambia ameagiza seti za zana kutoka China, muulize kwanza ni nani aliyezifunga sandukuni. Kwenye jedwali la ushuru la Afrika Mashariki kuna kichwa, yaani kundi la bidhaa, chenye namba 8206, ambacho kazi yake ni moja tu: kupokea zana za mkono za vichwa viwili au zaidi kati ya 8202 na 8205, zikiwa zimepangwa pamoja kama seti ya kuuzwa rejareja. Misumeno ni 8202. Plaisi na tupa ni 8203. Spana na soketi ni 8204. Nyundo, bisibisi na ukoo wote wa zana zisizo na kwao pengine ni 8205. Jembe na shoka wako 8201, nje ya ua, na hata wakibisha hodi hawafunguliwi.

Mimi ni wakala wa forodha. Mteja wangu wa Kisumu, mzee mwenye duka la hadiwea ambaye sote tunamwita Jaduong', aliagiza seti 600. Kila seti ilikuwa ya vipande 76: nyundo 1, plaisi 3, spana 12, soketi 10 na mpini wake, bisibisi 6, msumeno wa chuma 1, tepu ya mita 5, kisu cha kukunja 1, na biti 40, zile ncha za kuchomeka kwenye drili. Ukizihesabu biti utashtuka, maana zinazidi nusu ya vipande vyote, na biti ni za 8207. Tepu ni ya 9017. Kisu ni cha 8211. Hao watatu hawamo kati ya 8202 na 8205. Lakini maelezo rasmi ya HS, mfumo wa dunia wa kuzipa bidhaa namba za forodha, yanaruhusu wageni wadogo wa namna hiyo waingie na seti, mradi wasibadilishe sura yake. Seti haipimwi kwa kura. Biti 40 za kopo moja ni kitu kidogo mbele ya nyundo, spana na soketi, kwa thamani na kwa kazi. Picha ya sampuli aliyonitumia ilikuwa safi kabisa: sanduku la plastiki, kila kifaa kimelala kwenye shimo lake kama mayai kwenye trei. Entri, yaani tamko la mzigo kwa forodha, ikaandikwa mstari mmoja, 8206.00.00, seti 600.

Ambacho Jaduong' hakuniambia ni mazungumzo yake ya mwisho na muuzaji. Kiwanda cha zana kilikuwa kikimtoza senti kadhaa za dola kwa kila sanduku, gharama ya wafanyakazi wa kupanga vipande. Mzee akakataa. Alikuwa na vijana wake dukani, tena wanaoshinda wakitazama simu. Wangepanga wenyewe. Kisha muuzaji akamwambia kwamba kuna masanduku mengine yaliyobaki ya oda ya mtu, ukubwa uleule, bei nusu. Jaduong' akayakubali papo hapo. Huyu ni mtu anayenyoosha misumari iliyopinda na kuiuza tena, usimshangae.

Kontena ya futi 20 ikashuka Mombasa, ikapanda reli hadi bandari kavu ya Naivasha, mfumo ukaiteua kwa ukaguzi. Nikampigia mzee simu kumweleza kwamba ni jambo la kawaida: kontena itafunguliwa, ofisa atalinganisha mzigo na karatasi. Nikamtajia, kwa kupitia tu, kwamba ofisa atataka kuona seti.

"Ataziona," akasema Jaduong', na simu ikakatika.

Usiku huo akatoka Kisumu na pikapu, akapita Kericho na Nakuru gizani. Alfajiri nikamkuta langoni na vijana watatu wa duka, chupa ya chai na katoni ya selotepu. Nikamuuliza selotepu ni ya nini. Akanivuta pembeni, akanong'ona kwamba zana zimekuja makundimakundi: nyundo zote kwenye makatoni yake, spana kwenye yake, masanduku matupu yamejaa nyuma ya kontena. Vijana wangeingia mapema, wapange seti 600 kabla ofisa hajamaliza kunywa chai.

Piga hesabu: seti 600 mara vipande 76 ni vipande 45,600. Vijana ni watatu. Halafu mzigo ulio chini ya udhibiti wa forodha hauguswi bila idhini, awe mwenyewe au nani. Mlinzi hakuhitaji kueleza hayo. Aliiangalia ile selotepu, akaangalia vijana, akacheka hadi akafuta machozi, kisha akafunga lango.

Ofisa alikuwa mama mmoja mtulivu, mwenye miwani iliyoshuka puani na kalamu mbili. Kontena ikafunguliwa. Akasoma entri: seti 600. Akaangalia ndani: makatoni ya nyundo.

"Mzee, seti ziko wapi?"

"Madam, ndizo hizi. Ni vile tu hazijaonana."

Hapo ndipo sheria inapokuwa ngumu, na ni vizuri kuielewa. Bidhaa huainishwa kwa hali inayofika nayo mbele ya forodha. Nia ya mwenye mali haina namba. Ili vitu viitwe seti ya rejareja lazima viwe vimewekwa pamoja kwa namna ambayo mnunuzi wa mwisho anauziwa bila kufungwa upya. Nyundo 600 ndani ya makatoni yake ni nyundo 600. Bado zinahitaji vijana watatu na selotepu.

Jaduong' akaomba aruhusiwe kuonyesha seti moja tu, ili Madam aone kwa macho yake. Madam akakubali, nadhani kwa udadisi. Kijana akaleta sanduku, mwingine akakusanya vipande 76 kwenye gazeti. Mzee akapiga magoti, akafungua klipu mbili, akainua kifuniko.

Ndani kulikuwa na plastiki iliyochongwa vizuri sana, lakini mashimo yake hayakuwa na uhusiano wowote na vile vilivyokuwa kwenye gazeti. Jaduong' akalaza nyundo. Mpini ukapanda juu ya ukingo. Akaigeuza. Kichwa kikabaki nje. Akailaza mshazari, akapachika plaisi pembeni, akarudisha kifuniko, akakikalia. Klipu moja ikaruka ikampiga kijana kwenye paji la uso. Soketi zikasambaa sakafuni, moja ikabingirika hadi chini ya forklifti.

Madam hakuwa akiangalia soketi. Alikuwa ameinama juu ya sanduku, kalamu imeelekezwa kwenye shimo kubwa la katikati. Lilikuwa na kitako, mahali pa kidole, na mdomo mrefu mbele.

"Na hii bastola inalala hapa ni ya nani?"

Kimya. Vijana wakarudi nyuma hatua moja. Nikachungulia, nikatambua mara moja: ni umbo la drili ya umeme, na pembeni yake kijishimo cha waya. Nikamweleza. Uso wa Madam haukulegea hata kidogo, na kwa mtu wa forodha drili ni habari nzito kuliko bastola. Drili yenye mota ni ya 8467. Sanduku lenye drili na zana chache za kuisindikiza huhesabiwa kwa kile kinachoipa seti sura yake, na mara nyingi kile ni drili. Seti nzima inaweza kuhama namba na thamani. Na kama drili 600 zimo kontenani bila kuwa kwenye ankara, hiyo si hoja ya uainishaji tena. Ni tamko la uongo, na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 haichekeshi mahali hapo.

"Mzee, drili 600 ziko wapi?"

"Madam, hata mimi ningependa kujua."

Nikatoa karatasi. Drili ya waya ya kawaida ina uzito wa kilo moja na nusu hivi. 600 zingekuwa karibu kilo 900. Tangu Julai 2016 kontena haipakiwi melini bila uzito uliothibitishwa, na uzito wa kontena hii, ukiondoa chuma cha kontena yenyewe, ulikubaliana na orodha ya upakiaji. Hapakuwa na nafasi ya tani nzima kujificha. Hesabu kama hiyo ifanyeni kila mara kabla ya ukaguzi. Inaongea vizuri kuliko kiapo. Madam akaipitia mara mbili, akatikisa kichwa kukubali, kisha akasema hesabu imemridhisha yeye, lakini ripoti inataka macho. Kila sanduku lifunguliwe.

Vijana walioletwa kufunga wakaanza kufungua. Mmoja anafungua, mmoja anainua juu, wa tatu anapaza sauti: "Hakuna!" Madam anaweka alama. "Hakuna!" Alama. Kufikia saa sita mchana wapakiaji wa kontena za jirani walikuwa wameacha kazi na kuitikia kwa pamoja kama kanisani. Karibu na mwisho kijana akanyamaza. Wote tukageuka. Ndani ya shimo la drili kulikuwa na glavu moja ya pamba, ya mkono wa kushoto, iliyotumika. Madam akaitazama kwa muda, akaiandika.

Ripoti ikatoka: hakuna drili, hakuna seti. Mstari mmoja ukazaa kumi. Misumeno, plaisi, spana, soketi na mipini, nyundo, bisibisi, biti, visu, tepu, kila mmoja na namba yake. Wa kumi ndiye aliyemuumiza Jaduong'. Sanduku lililochongwa kwa ajili ya kifaa fulani, likija na kifaa hicho, halilipiwi peke yake. Hufuata namba ya kifaa, hata kama vimefungwa mbalimbali kwa urahisi wa safari. Hiyo ndiyo kanuni ya tano ya ufafanuzi wa HS, na ingeweza kutuokoa. Ila masanduku haya yalichongwa kwa ajili ya drili, na drili hazikuwepo, kwa hiyo hayakuwa na wa kumfuata. Sanduku la zana la kawaida, lisilo na mashimo maalumu, huenda 3926 likiwa la plastiki. Lenye umbo la kifaa maalumu huenda 4202.

"4202 ni nini?" akauliza.

"Masutikesi, Jaduong'. Pochi. Mikoba ya akina mama."

Akaliangalia sanduku, akaniangalia mimi. Kiwango cha ushuru huko ni kikubwa kuliko cha zana. Zile senti alizookoa kwenye kufunga zilimezwa na sanduku hilo, na VAT ya asilimia 16 inapigwa juu ya thamani pamoja na ushuru, kwa hiyo ushuru ukipanda nayo inapanda.

Haikuishia hapo. Ankara ilikuwa na bei ya seti tu, na mistari kumi inataka bei kumi. Muuzaji akaombwa mchanganuo. Karatasi ya kwanza iliyokuja iliweka bei yote ya seti kwenye nyundo, vingine vyote sifuri. Kwa ankara hiyo Jaduong' alikuwa amenunua nyundo ghali kuliko zote Nyanza, na zawadi 75. Ya pili ilikuwa na bei nzuri lakini jumla haikulingana na pesa zilizotumwa benki. Ya tatu ikakubalika. Cheti cha ulinganifu, kile cha kuthibitisha kwamba mzigo umetimiza viwango, nacho kilisema "seti za zana", kikabidi kirekebishwe ili maneno yake yafanane na entri. Siku hizo zote storeji inahesabu, nayo kontena inadai kurudishwa kwa wenye meli. Ukiwa na mzigo usioeleweka namba yake, omba uamuzi wa awali wa uainishaji kabla haujapakiwa. Na usipokubaliana na ofisa, sheria inakupa siku 30 kuomba uamuzi uangaliwe upya. Hapa hapakuwa na la kuangalia upya. Madam alikuwa sahihi kwenye kila mstari.

Mzigo ulipofika Kisumu, vijana walipanga seti kwa mifuko ya sandarusi yenye fundo juu, maana nyundo zilikataa katakata kulala mahali pa drili. Masanduku yakarundikwa nje ya duka. Sasa, mafundi wa Kisumu wana drili, tena nyingi zinasafiri kwenye magunia na ndoo za rangi. Fundi mmoja akajaribu yake kwenye lile shimo. Ikaingia, waya ukakaa kwenye kijishimo chake, klipu zikafunga. Habari ikafika soko la Kibuye kabla ya jioni. Masanduku yakaisha, nyundo bado zipo.

Juzi Jaduong' akanipigia. Anataka kuagiza masanduku matupu 2,000, ya drili, bila zana yoyote.

"Na namba si ni ileile ya mikoba?"

"Kichwa ni kilekile, tarakimu za nyuma zinatofautiana."

"Basi kuna rafiki yangu anauza mikoba pale Kondele. Kila sanduku lina ile nafasi kubwa katikati. Si tunaweza kumwekea mkoba mmojammoja humo ndani, wasafiri kama seti?"

Nikamwambia anitumie kwanza orodha ya upakiaji, bei ya kila kitu mbalimbali, na picha ya sanduku likiwa wazi.