Nani Kasema Helvetia ni Maigizo?

Rafiki yangu mmoja, ambaye hakosi kutukumbusha kwamba mwacha mila ni mtumwa, alitazama picha za Fasnacht, sherehe ya Kiswisi ya kuaga majira ya baridi, huko Helvetia, kile kijiji cha milimani huko West Virginia, Marekani, akaguna: "Hawa ni Wamarekani wanaoigiza Uswisi." Kumbe asiyeacha mila naye ana jina lake: mwigizaji!

Wahamiaji waliotoka Brooklyn mwaka 1869, wengi wao Waswisi, waliingia katika misitu ya wilaya ya Randolph wakafyeka na kujenga, na wajukuu wao bado wanakutana Jumamosi inayotangulia Jumatano ya Majivu. Huvaa vinyago vya karatasi iliyogandishwa kwa gundi, hubeba taa gizani hadi ukumbini, kisha hucheza chini ya sanamu ya Mzee Baridi iliyoning'inizwa darini, mpaka saa sita ya usiku inapokatwa kamba na kutolewa nje kuchomwa moto, ili majira ya baridi yaondoke.

Kinachomkera rafiki yangu ni kwamba muziki wa usiku huo ni fidla za Appalachia, yaani za wenyeji wa milima hiyo, na kwamba mwezi Aprili watu hao hao huandaa karamu ya vitunguu vya mwitu ambavyo babu zao walivikuta huko huko milimani. Sasa alitaka wafanyeje? Waishi miaka mia moja na hamsini kando ya majirani bila kujifunza ngoma yao wala kuonja chakula chao, ndipo awatunuku cheti cha Uswisi halisi? Mila iliyohama ikakataa kuoana na wenyeji haimalizi vizazi viwili, na hii ya Helvetia ipo hadi leo kwa sababu ilioa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Kijerumani kimetoweka katika mazungumzo yao ya kila siku, na kwamba mgahawa wa Hütte, uliofunguliwa mwaka 1968, unauza chakula pamoja na kumbukumbu. Hayo hayanisumbui. Kinachonitisha ni idadi ya watu: mwaka 1874 wakazi walikuwa wamepita 300, na sensa ya 2010 iliwakuta 59. Rafiki yangu akitaka kupima usafi wa mila yao, kwanza na aende akashike upande mmoja wa ile sanamu wakati wa kuitoa nje, maana wabebaji hawatoshi.