Pesa za Chaja Zitoke Barabara Kuu, Zije Tunakolala

Januari iliyopita, saa nane usiku, nilikuwa nimekaa ndani ya gari langu la umeme kwenye maegesho ya duka moja hapa Columbus, Ohio. Betri imebaki asilimia 11, hita nimeizima ili isinimalizie hicho kidogo kilichobaki. Chaja zilikuwa nne. Mbili skrini zimekufa, moja ina gari ambalo mwenyewe haonekani, na ya nne ameishika mzee wa Bukavu ambaye tunafanya kazi moja ya kubeba abiria. Akashusha kioo.

“Ndugu yangu, mie betri iko asilimia arobaini tu. Baridi hii, umeme unaingia polepole sana. Njoo ukae humu tungojee pamoja.”

Tulingoja saa nzima na robo. Kitanda changu kilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano kutoka pale, kwenye apatimenti ambayo maegesho yake hayana hata soketi moja.

Ndiyo maana habari za serikali za majimbo na pesa za chaja nazifuatilia kama mtu anavyofuatilia bei ya unga. Mwaka 2021 Bunge la Marekani lilitenga dola bilioni 7.5 kwa ajili ya vituo vya kuchajia magari ya umeme, na bilioni 5 kati ya hizo ziligawiwa majimbo moja kwa moja. Ohio ilipangiwa takriban dola milioni 140 kwa miaka mitano. Masharti yalikuwa makali: kituo kila baada ya maili 50, kisizidi maili moja kutoka barabara kuu, chaja zisipungue nne, kila moja itoe kilowati 150 hata kama zote zinatumika kwa wakati mmoja, na zifanye kazi asilimia 97 ya muda. Hilo la mwisho nalipenda kwa moyo wote. Aliyewahi kupapasa skrini iliyokufa kwenye baridi ya Januari anajua thamani yake.

Ohio haikulala. Desemba 2023 ilikuwa jimbo la kwanza kufungua kituo kilichojengwa kwa pesa hizo, kando ya barabara ya I-70 karibu na mji uitwao London, magharibi ya Columbus. Nimechaji pale. Chaja zinafanya kazi, taa zipo, choo kipo. Nawapongeza.

Lakini kituo cha pale kinamfaa msafiri. Mwenye nyumba yake huchaji usiku gereji, akaamka betri imejaa, na barabara kuu huihitaji mara chache kwa mwaka. Mpangaji ndiye mwenye shida ya kila siku. Hana gereji, hana ruhusa ya kugusa nyaya za jengo, hivyo analazimika kununua umeme kwenye chaja za haraka, na kule ninakochaji mimi bei ni karibu mara tatu ya umeme wa nyumbani. Mwenye kipato kidogo ndiye anayelipa umeme wa ghali zaidi. Hapo mimi nasema hapana.

Na mchango wetu tunautoa. Tangu 2020, mwenye gari la umeme Ohio hulipa dola 200 za ziada kila mwaka anaposajili gari. Sizipingi: barabara tunazitumia, na wa petroli naye hulipa kodi ya senti 38.5 kwa kila galoni. Ila mimi mpangaji wa Morse Road, hapa Columbus, nalipa sawa na mwenye gereji mbili huko vitongojini.

Sasa kuna nafasi. Februari 2025 serikali kuu ya Marekani ilisimamisha mipango ya chaja ya majimbo. Majimbo 16 yakaenda mahakamani, na Juni jaji wa Seattle akaamuru pesa za majimbo mengi kati ya hayo ziachiwe. Agosti ukatoka mwongozo mpya, mwepesi zaidi. Jimbo lina uhuru mkubwa wa kuamua vituo vikae umbali gani, na likiona barabara zake kuu zimetosheka, linaweza kupeleka pesa zinazobaki mahali pengine popote panapofikiwa na umma.

Mahali pengine popote! Basi Ohio izilete maktaba ya Karl Road. Izilete mtaa wa Cleveland Avenue, hapa hapa Columbus, kwenye viwanja vya maegesho vinavyolala vitupu usiku kucha huku madereva tunazunguka tukitafuta umeme. Wala hatuhitaji kilowati 150 pale. Soketi ya volti 240, umeme ule ule wa mashine ya kukaushia nguo, inajaza gari mtu akiwa amelala. Kituo kimoja cha chaja za haraka hula mamia ya maelfu ya dola. Kwa pesa hizo unaweza kufunga soketi za mtaa mzima.

Kwa majengo ya watu binafsi, jimbo litumie pesa zake lenyewe. Massachusetts imekuwa na mpango wa kumrudishia mwenye apatimenti hadi asilimia 60 ya gharama za chaja. California na Colorado zina sheria za kumruhusu mpangaji afunge chaja kwa gharama yake. Ni haki nzuri, lakini mpangaji gani atafunga chaja ya maelfu ya dola kwenye jengo atakalohama mwakani? Alipwe mwenye jengo, kwa sharti kwamba umeme atauuza kwa bei ya nyumbani, asigeuze soketi kuwa mradi wa kutukamua.

Barua yangu kwa idara ya uchukuzi ya Ohio nimeshaiandika, kurasa mbili, nimetaja mitaa mitano. Mzee wa Bukavu aliniongezea wa sita, anakoishi na wanawe. Alinieleza kwa Kiswahili, nikamwandikia kwa Kiingereza, akatia saini chini ya yangu.