Kupiga bloa si kutengeneza laptopu

Mafundi wenzangu, nalisema hili kwa nia njema: kupiga bloa (mashine ya kupuliza hewa ya moto) chipu ya picha hadi skrini iwake, kisha kumtoza mteja pesa ya matengenezo kamili, si haki. Mashine ile itarudi. Mwaka 2008 Nvidia wenyewe walitenga dola milioni 150 hadi 200 kwa sababu ya chipu zao za laptopu zilizokuwa zikifa mapema, na HP Pavilion dv6000 na dv9000 zimo kwenye mkumbo huo. Ubovu ulikuwa ndani ya chipu, kwenye vitone vidogo vinavyoshika silikoni. Ukiipasha moto, vitone hugusana tena kwa muda tu. Dawa yake ni chipu nyingine nzima, na mteja aambiwe hivyo kabla hajafungua pochi.

Kinachoniuma zaidi ni laptopu zinazotupwa kwa kiungo kimoja cha solda, yaani madini yanayoyeyushwa kushikiza pini kwenye bodi, kilichoachia. Nyingi ni tundu la chaji. Kila siku waya unavutwa, unagongwa, na pini zilizochomelewa kwenye bodi zinabeba kishindo chote. Chezesha kichwa cha chaja: taa ikiwaka na kuzima, jaribu kwanza chaja nyingine, maana waya nao hukatika. Ikiendelea, fungua. Chini ya lenzi utaona duara jembamba jeusi kuizunguka pini; ndio mpasuko wa solda. Isukume taratibu kwa kijiti cha mti, mita ya umeme ikiwa kwenye mlio, ile hali inayolia njia ya umeme ikiwa nzima. Mlio ukikatika, umempata mchawi.

Hapo usikimbilie kuyeyusha juu kwa juu. Tangu Julai 2006 Ulaya ilipobana matumizi ya madini ya risasi, viwanda vingi vilihamia kwenye solda isiyo na risasi, inayoyeyuka karibu nyuzi 217 za Selsiasi. Ile ya zamani ya 63/37, yaani bati 63 na risasi 37 kwa mia, huyeyuka 183. Paka fluksi, ile dawa ya kusaidia solda ishike, ongeza kidogo hiyo ya zamani ili mchanganyiko ulainike, nyonya yote, safisha tundu, ndipo uchomelee upya. Pini ya hasi ipe subira, kwa sababu shaba pana ya bodi inainyang'anya joto. Ukiharakisha, solda inakaa juu bila kushika, na mwezi ujao mteja yuko mlangoni.

Mimi huupiga picha mpasuko kwa simu na kumwonyesha mwenye mashine kabla sijawasha pasi ya kuchomelea. Bei tunaipatana baada ya hapo.