Kulogini na Google siyo ruhusa ya kushika daftari la watu

Jumatano usiku kijana mmoja ambaye huwa namsaidia kazi zake za programu alinitumia linki WhatsApp, akaandika "kaka seva iko hewani, jaribu." Nilifurahi sana maana najua alivyohangaika na hiyo kazi, miezi mitatu anakesha kwa sababu bando la usiku ndo nafuu, anaijenga kwa ajili ya kikundi cha kina mama wanaouza dagaa pale mwaloni Kirumba. Ni seva ya MCP, ile itifaki ya kuunganisha AI na programu nyingine ambayo kampuni ya Anthropic waliitoa Novemba 2024, kwa hiyo mama anaiuliza AI kwenye simu yake "nani hajamaliza deni la mzigo wa juzi", AI inaita zana kwenye seva, zana inasoma daftari, jibu linarudi kwa Kiswahili safi. Wazo zuri kabisa.

Nikaibandika linki kwenye AI yangu, ikanipeleka kwa Google, nikachagua akaunti yangu, nikabonyeza kubali, nikarudishwa. Basi. Palepale nikawa naona majina ya watu wanaodaiwa, magunia mangapi, tangu lini. Mimi siyo mwanakikundi. Sijawahi kuuza hata sado moja ya dagaa. Na zana zilikuwa tatu, ya kusoma madeni, ya kuongeza mzigo na ya kufuta deni, zote ziko wazi kwangu kama vile mimi ndo mweka hazina. Nikafunga haraka nikampigia. Akanijibu kwa mshangao wa kweli kabisa: "Lakini kaka, si imekuomba kulogini?"

Hilo jibu limenikosesha usingizi, na siyo la kwake peke yake, nalisikia kwa vijana wengi hapa Mwanza wanaojenga vitu vizuri.

Google aliiambia ile seva kitu kimoja tu, kwamba aliyekuja ni mwenye akaunti fulani. Hajasema ni mwanakikundi, atajuaje? Kuna mabilioni ya watu wenye akaunti za Google na kwa jinsi seva ilivyowekwa wote walikuwa na haki sawa ya kufuta deni la mtu wa Kirumba. Kumjua mtu ni nani ni kazi moja, kuamua anaruhusiwa nini ni kazi nyingine, na hiyo ya pili hakuna kampuni ya nje itakayokufanyia. Pale Kamanga ukienda kupanda feri ya Sengerema, hata kama mkata tiketi anakujua jina lako na la ukoo wako tiketi unakata, na hiyo tiketi haikuingizi kwenye chumba cha nahodha. Na tukumbuke OAuth, ule mfumo ulio nyuma ya kitufe cha kulogini na Google, hii 2.0 ya mwaka 2012, haikutengenezwa kwa ajili ya kutambua watu, ilitengenezwa ili programu moja iweze kupewa ruhusa ya kugusa vitu vyako kwenye programu nyingine, mambo ya utambulisho yakaja kuwekwa juu yake baadaye na OpenID Connect mwaka 2014. Sisi tumechukua kitufe tukadhani kimebeba kila kitu.

Halafu kuna hili ambalo mtu akisoma maelekezo ya nje tu hawezi kuliona. Kina mama wengi mwaloni akaunti zao za Google hawakufungua wenyewe. Mama alinunua simu, fundi akamuulizia jina, akamfungulia akaunti ili aweze kupakua WhatsApp, paswedi akaiweka fundi. Mama haijui. Simu ikiharibika au ikianguka ziwani anafunguliwa akaunti nyingine na fundi mwingine. Kuna mama mmoja namfahamu simu yake anaitumia yeye na binti yake na mdogo wake wakati wa kuanika, sasa hapo ukiniambia "Google amethibitisha ni yeye" nakuuliza yeye nani? Sisemi kitufe cha Google hakifai. Nasema kwa watu hawa kinathibitisha kidogo sana kuliko unavyofikiri, kwa hiyo uamuzi wa nani aingie lazima ukae kwa mtu anayewajua kwa sura.

Na daftari hilo siyo kitu cha kuchezea. Dagaa inavuliwa kwa taa, usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inalala, na hizo siku kina mama wanaishi kwa kukopeshana na kudai. Deni la magunia manne likifutika ndo ada ya mtoto hiyo, ndo kodi ya chumba cha Igogo hiyo. La karatasi angalau liko kwenye kitenge cha mtu, ukitaka kulifuta lazima umkaribie. Hili la seva linafutwa na mtu aliyekaa popote na hakuna atakayejua mpaka siku ya kugombana.

Kwa hiyo kijana wangu nilimwambia hivi. Mtu akirudi kutoka Google, kabla hujampa tokeni yako, yaani ule ufunguo wa kidijitali wa kuingilia kwenye seva, angalia kwenye orodha yako kama yupo. Hayupo, asipewe tokeni, aambiwe vizuri akamuone katibu. Na usimtambue kwa barua pepe, Google mwenyewe anasema tumia ile namba ya "sub", namba isiyobadilika ya akaunti, maana barua pepe inaweza kubadilika. Halafu usiishie mlangoni, kila zana iangalie tena kwenye seva, huyu anasoma tu, huyu anaongeza, huyu anafuta. Alitaka kuandika kwenye maelezo ya zana kwamba AI isifute kama mtumiaji siyo kiongozi, nikamkatalia kabisa, hayo ni maombi siyo ulinzi. AI inasoma maneno, na kwenye deni la mtu, sehemu ya maoni, inaweza kuandikwa sentensi ya kuishawishi AI ilifute. Kufuli likae kwenye seva ambako maneno hayafiki.

Mengine nilimtajia kwa haraka. Tokeni ya Google ibaki kwenye seva, AI ipewe tokeni ya kwako, itifaki yenyewe inakataza kupitisha tokeni ya mtu mwingine. Uweke ukurasa wako wa kukubali unaoonyesha ni programu gani inaomba, kwa kila programu mpya, maana kama seva yako inaruhusu programu kujisajili zenyewe na Google anakumbuka kwamba mama alishakubali jana, mjanja anaweza kusajili ya kwake akamtumia mama linki, na ruhusa ikaenda kwa mjanja bila mama kuulizwa chochote. Na usiombe zaidi ya unachohitaji, kutambua mtu tu hakuhitaji ruhusa ya kusoma Gmail yake.

Nakubali, na nakubali kwa shingo upande, kwamba kama angejitengenezea mfumo wake wa paswedi ingekuwa vibaya zaidi. Angezihifadhi vibaya, kina mama wangesahau, angeanza kuzituma WhatsApp. Na siri za seva hakuziweka kwenye msimbo wa programu, hilo alilifanya vizuri na nilimpongeza. Ila kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023, na jina la mtu pamoja na deni lake ni taarifa binafsi, haijalishi uliijenga bure au kwa kujitolea.

Alizima seva usiku uleule. Jumamosi tukaenda wote mwaloni, tukakaa na katibu wa kikundi nyuma ya magunia, kijana akamueleza kwamba anataka majina ya watu wa kuingia na kila mmoja anaruhusiwa nini. Mama wa watu hakuuliza seva ni nini wala tokeni ni nini. Alitoa kalamu, akaandika majina saba kwenye kipande cha boksi, mawili akayawekea alama ya kufuta. Alipofika la nane akasita, akamuangalia mama mmoja aliyekuwa anageuza dagaa pale mbele, akasema taratibu, "Huyu asome tu. Asifute. Shemeji yake anadaiwa."