Huku Jeep Zinapungiana, Kwetu Shangingi Linapandisha Kioo

Leo asubuhi natoka zamu ya usiku, theluji bado haijazolewa barabarani, mzee mmoja kwenye Jeep kuukuu iliyopauka rangi akainua vidole viwili juu ya usukani, akanipungia. Simjui, hanijui. Akapita zake. Nimefika nyumbani moyo mweupe, uchovu wote umekwisha.

Tangu ninunue Jeep Wrangler yangu ya mtumba hapa Colorado, Marekani, hili ni jambo la kila siku. Wenye Wrangler wanapungiana. Hakuna mahali palipoandikwa, ila wote wanajua: mwenye gari jipya hutangulia kumpungia mwenye la zamani, na aliyetapakaa tope anaheshimiwa kuliko aliyetoka kuosha. Wenyewe husimulia kwamba chanzo ni wanajeshi wa Vita Kuu ya Pili, enzi za jeep za kijeshi za Willys za 1941. Mwaka 2020 likaongezeka la bata. Mwanamke mmoja huko Ontario, Kanada, alimwekea mtu asiyemjua bata wa mpira kwenye Jeep yake, na sasa ukitoka dukani unaweza kumkuta bata wa njano amekaa kwenye kitasa cha mlango wako. Mimi ninao wanne kwenye dashibodi.

Nikatuma picha yao kwenye kundi la familia. Binamu yangu akajibu, "Umeanza kujidai." Mwingine akadakia, "Kwani huku hatusalimiani?"

Sijidai. Nimekulia Mbulu, Tanzania, ambako humpiti mtu shambani bila kumuuliza hali yake, ya watoto na ya ng'ombe. Na nakiri kabisa: jirani yangu hapa, ukuta kwa ukuta, mwaka wa tatu huu hajui jina langu. Mwezi uliopita Jeep ilipokuwa gereji niliendesha gari dogo la kukodi, barabara ileile, saa zilezile, na hakuna aliyeinua hata kidole. Wanasalimia gari, si mimi. Anayetaka kunishinda kwa hoja hiyo, ameshinda.

Lakini mimi nasema juu ya magari yetu. Gari la porini lilitengenezwa kwa ajili ya njia mbovu, na njia mbovu ndiyo iliyowafundisha watu kutegemeana. Baba yangu aliendesha Land Rover 109 kwenye mlima Magara, njia ya kupandia Mbulu, kabla hata ya kuwekwa zege. Anayeshuka alijibanza pembeni kumngoja anayepanda, maana anayepanda akikata mwendo pale, masika, haondoki tena. Wakipishana, baba alitoa mkono dirishani, kiganja chini, akautikisa polepole: mbele kuna tope, punguza. Nilikuwa mtoto, nimekaa katikati ya viti na gia baina ya magoti, na mkono ule naukumbuka kuliko maneno yake mengi.

Nilipokwenda Moab, jimboni Utah, nikakuta utaratibu uleule. Kwenye miamba ile anayepanda ndiye mwenye njia. Ukipishana na msafara, dereva anakuonyesha vidole: vitatu, maana yake nyuma yangu yanakuja matatu. Wa mwisho anafumba ngumi. Na mkutano wao wa Pasaka, unaofanyika pale tangu 1967, unaitwa Easter Jeep Safari. Safari! Neno letu limepanda majabali ya Utah kabla mimi sijazaliwa. Niliwaeleza wenzangu maana yake kwa Kiswahili, nao wakaniuliza kama kwetu wenye magari haya wanapungiana. Nikakosa la kusema, na hilo ndilo linaloniuma.

Nionyesheni shangingi linaloinua kidole. Kwetu gari lilelile limekuwa cheo. Kioo cheusi juu, taa zinawaka mchana kweupe, bodaboda mtaroni, mama mwenye ndoo mtaroni. Mtasema hiyo ni itifaki, wakubwa wana haraka. Mangapi kati ya hayo ni ya wakubwa? Mengine ni ya mfanyabiashara tu kama wewe, aliyenunua V8 jana na leo amesahau kuamkia. Mtasema pia niko mbali, vumbi la huko silijui. Mama yangu analila kila Jumapili akienda kanisani. Nalijua.

Na msiniambie Mtanzania hana moyo huo, hapo nitagombana na mtu. Oktoba 2024 Land Rover zilipojaa Arusha kwenye tamasha lao, mamia kwa mamia, nyingine zikiwa zimeshikiliwa kwa waya na kamba, nilitazama video mpaka usiku wa manane na machozi yakanitoka. Madereva wa watalii Serengeti wakikutana husimama dirisha kwa dirisha kuambizana simba yuko wapi. Wa malori wanapigiana taa. Ukiharibikiwa, mtu atakukatia matawi akuwekee barabarani kabla hujamwomba. Moyo upo. Kioo ndicho kilichopanda.

Desemba iliyopita nilikodi Land Cruiser mkonga Arusha, nikaenda nyumbani kwa njia ya Magara. Nikaazimia kulipungia kila gari la porini nitakalopishana nalo. Mashangingi mawili yakapita. La pili likanirushia tope hadi kifuani, kwa kuwa kioo changu kilikuwa wazi. Kule juu, mlima umeshaisha, ikaja 109 ya kijani imepakia mbao, boneti imefungwa kwa kamba ya katani. Nikainua mkono.

Ikasimama. Mzee akazima injini, akashuka, akazunguka nyuma na kurudi na mnyororo begani.

"Umekwama wapi, mwanangu?"

"Shikamoo, mzee. Sijakwama. Nilikuwa nakusalimia tu."

"Marahaba." Akalitazama gari langu, akayatazama matairi, akautua mnyororo kwenye majani. Kisha akanipa mkono, akaushika asiuachie, akaanza kuniuliza mimi ni wa nani.

Nilipomtajia jina la baba akasema, "Yule wa 109 nyeupe?" Tukakaa kwenye bampa lake mpaka jua likazama.